Kumbe kiputo kimoja cha hewa kinaweza kuua seli 1,000

Fungua Stoney baridi, mimina kwa glasi, halafu shikilia kiganja chako juu ya glasi, karibu lakini usiguse. Unasikia? Vitone vidogo vidogo vinakurukia mkononi kama manyunyu. Hakuna mtu anayetikisa hiyo glasi na hakuna kijiko ndani. Ni viputo tu vinavyopanda, vinafika juu, vinapasuka, na kila kimoja kikipasuka kinarusha soda hewani kwa nguvu ambayo hungeitarajia kutoka kwa kitu kilichojaa hewa tupu.

Sasa jifanye uko ndani ya hiyo soda. Wewe ni mdogo kiasi kwamba hata unywele ni mnene kukuliko, na huna mifupa wala ngozi ya maana. Una utando mwembamba tu unaokuzuia usimwagike. Kiputo kinapanda, kinakubeba, mnafika juu pamoja, halafu kinapasuka.

Stori ya leo inaanzia hapo.

Mimi niliingia kwa hii mambo kupitia shangazi yangu. Aligunduliwa ana saratani ya matiti, ile aina ambayo madaktari wanaitambua kwa alama ya HER2, akaandikiwa dawa inayoitwa trastuzumab. Wengi wanaijua kama Herceptin. Unawekewa kila baada ya wiki tatu, mwaka mzima, karibu mara 18. Kama umewahi kuwa na mgonjwa wa saratani nyumbani, hesabu hii unaifanya bila kalamu. Bei iliyokuwa ikitajwa ni Sh120,000 kwa awamu moja, hadi mwaka wa 2025 serikali na kampuni ya Roche walipotangaza kuwa itashuka hadi Sh40,000 na ilipwe na SHA. Kabla ya hapo familia yetu ilifanya harambee mbili, ikauza ng'ombe, na ikafungua grupu ya WhatsApp ambayo hadi leo hakuna mtu ana ujasiri wa kutoka.

Siku moja tukiwa kwa foleni akanigeukia. "Si wewe ulisoma hizi vitu? Hii dawa wanaitoa wapi ndio ikuwe ghali hivi?"

Nilisoma biokemia mwaka mmoja na nusu kabla karo inishinde, na kwa familia yetu hiyo inatosha kuitwa profesa. Nikamwambia, "Ngoja niangalie, shangazi." Nilinunua bando nikaanza kuangalia, na kila nilichofungua kilinipeleka kwa kingine.

Jibu la kwanza lilimchekesha: dawa inatoka kwa panya. Si panya mzima, na si yule wa dari. Ni seli za hamsta, mnyama mdogo mnono wa jamii ya panya, na asili yake ni China. Mwaka wa 1957 mwanasayansi Theodore Puck wa Chuo Kikuu cha Colorado, Marekani, alichukua kipande cha ovari ya hamsta mmoja akazilea seli zake kwenye chombo cha maabara. Zikakubali kuishi. Hadi leo vizazi vya seli hizo bado vinagawanyika katika viwanda duniani kote, na zinaitwa CHO. (Mababu wa huyo hamsta walitolewa China mwaka wa 1948 ndani ya kreti, na daktari Mmarekani anayeitwa Robert Briggs Watson, majeshi ya Mao yakiwa yanakaribia. Hiyo ni filamu kivyake, tuiache.)

Wataalamu huingiza ndani ya seli hizo jeni yenye maelezo ya kutengeneza protini wanayotaka, kisha seli inaitengeneza na kuitoa nje. Unaweza kuuliza, si wangetumia bakteria, ambao ni rahisi kufuga? Kwa insulini inawezekana, na hufanyika. Lakini trastuzumab ni protini kubwa, imekunjwa kwa ustadi na kupambwa kwa minyororo ya sukari ambayo bakteria wa kawaida hawajui kuiweka. Lazima fundi awe seli ya mnyama.

Na fundi huyu analelewa kwenye tangi. Unajua lile tangi jeusi la lita 10,000 lililo juu ya ploti yenu, lile ambalo maji yakiisha caretaker anazima simu? Chukua tangi la ukubwa huo au zaidi, lifanye la chuma kisichoshika kutu, lijaze supu ya sukari, chumvi, vitamini na asidi za amino, liweke kwenye joto la mwili, halafu weka pangaboi ndani la kukoroga polepole. Hiyo ndiyo bayoriakta. Katika kila mililita moja, yaani kama matone 20, kunaweza kuwa na seli milioni 10 au zaidi, zote zinaelea, zinakula, na zinataka kupumua.

Hapo kwa kupumua ndipo shida ilipo. Maji hayapendi oksijeni. Lita moja ya hewa unayovuta ina karibu mara 40 ya oksijeni inayoweza kuingia kwa lita moja ya maji yenye joto la mwili. Kwa hayo maji ni kama miligramu 7 tu. Seli zikiwa wengi vile nimesema, hicho kiasi wanakimaliza kwa dakika chache kama vijana wa mtaa na sufuria ya pilau. Kwa hivyo lazima oksijeni iingizwe bila kukoma, siku baada ya siku, kwa wiki mbili hivi hadi wavune.

Kwenye chupa ndogo ya maabara hakuna stress. Oksijeni inaingia kupitia uso wa juu, na uso huo unatosha. Lakini fikiria sufuria ya chai na tangi la ploti. Ukiongeza ukubwa, maji yanaongezeka haraka kuliko uso wake. Seli iliyo chini mita tatu itangoja hewa ya juu hadi ife. Njia iliyobaki ni ya wazi: toboa bomba, liweke chini ya tangi, pulizia hewa, acha viputo vipande.

Wakapuliza, na seli zikaanza kufa.

Sasa tulia hapa, kwa sababu hii ndiyo sehemu iliyonifanya nisahau nilikuwa natafuta jibu la bei. Kwa miaka mingi mshukiwa mkuu alikuwa pangaboi. Na ukifikiria, ina maana. Bakteria na hamira wana ukuta mgumu kuzunguka seli, unaweza kuwakoroga kama uji na wasijali. Seli ya mnyama haina ukuta. Ilizoea kukaa ndani ya mwili, imekumbatiwa na wenzake pande zote, haikujiandaa kwa maisha ya blenda. Kwa hivyo seli zikifa, lawama ilienda kwa visu vya pangaboi na msukosuko wa maji. Viwanda vikakoroga kwa woga, polepole sana. Ukikoroga polepole unakosa oksijeni ya kutosha, ukikosa oksijeni unalea seli chache, ukilea seli chache unavuna dawa kidogo kwa tangi lile lile na stima ile ile.

Watu wachache wakaanza kushuku kuwa wamekamata mtu asiye na hatia. Miaka ya 1980, pale Chuo Kikuu cha Surrey, Uingereza, watafiti walitazama seli na viputo kwa hadubini wakaona uharibifu unatokea juu, mahali povu linapokutana na hewa. Kule Wageningen, Uholanzi, kundi la Johannes Tramper lilifanya kitu rahisi ambacho nakipenda sana: walipuliza viputo ndani ya mirija ya urefu tofauti. Fikiria nao. Kama kiputo kinaua seli kikiwa njiani kupanda, basi safari ndefu ingeua wengi zaidi. Ilikuwa kinyume. Mrija ukiwa mrefu, seli zilikufa kwa kasi ndogo, kwa sababu mauaji yalikuwa mwisho wa safari, na mrija mrefu una seli nyingi zaidi za kugawana hasara ile ile.

Halafu mwaka wa 1990 Kunas na Papoutsakis, watafiti wa Marekani, wakafunga kesi ya pangaboi. Walichukua chombo cha kukorogea, na badala ya kuacha nafasi ya hewa juu kama kawaida, wakakijaza pomoni. Hakuna hewa, kwa hivyo hakuna mahali pa kiputo kuingia wala kupasukia. Wakaanza kukoroga na kuongeza kasi. Kwa chombo cha kawaida chenye hewa juu, seli zilikuwa zinaumia hata kwa kasi ya mizunguko mia mbili hivi kwa dakika, pale maji yanapoanza kuzunguka kama kimbunga na kuvuta hewa chini. Kwa chombo kilichojaa waliongeza hadi 600 kwa dakika na seli zikaendelea kukua kama zimeenda likizo. Kisu ni kile kile, seli ni zile zile. Walichoondoa ni hewa tu.

Nilisoma hiyo mara mbili nikiwa kwa matatu, hadi nikapitisha stage.

Sasa basi, kiputo kinaua vipi? Kinapofika juu hakipasuki papo hapo. Kinakaa kidogo, kimefunikwa na utando mwembamba wa maji wenye umbo la kuba. Maji ya utando huo yanateremka pembeni, unazidi kuwa mwembamba, mwishowe unatoboka. Na ukitoboka, kingo zake zinakimbia nyuma kwa kasi ya mita kadhaa kwa sekunde. Ukiona mita kadhaa ni kidogo, kumbuka seli yenyewe ina upana wa kama sehemu moja ya mia ya milimita. Wakati huo huo shimo lililobaki linajifunga kwa nguvu, maji yanakimbilia katikati kutoka pande zote, yanagongana, na mshale mmoja wa maji unaruka juu na mwingine unadungwa chini. Ule wa juu ndio ulikurukia kiganjani na Stoney. Yote haya yanaisha kabla hujapepesa jicho.

Na kuna kitu kibaya zaidi: seli zinapenda viputo. Sehemu za utando wa seli hazipatani na maji, kwa hivyo zikigusana na kiputo zinanata. Kiputo kinapanda kikiwa kimebeba abiria, kama matatu ya saa kumi na mbili jioni, hadi wengine wananing'inia mlangoni. Kikifika juu wote wako kwenye ule utando unaosubiri kupasuka. Huko Ohio State, Jeffrey Chalmers na wenzake walirekodi hayo kwa video kupitia hadubini, kisha mwaka wa 1994 wakahesabu maiti. Walitumia seli za wadudu, ambazo pia hulelewa kwa matangi. Kiputo kimoja cha milimita 3.5, kama punje ya pilipili manga, kiliua karibu seli 1,000. Idadi hiyo ililingana na seli zilizokuwa kwenye utando wake.

Nilitoa simu nikapiga hesabu. Lita moja ya hewa ikigawanywa kwa viputo vya saizi hiyo inatoa viputo kama 45,000. Zidisha na 1,000. Hizo ni seli milioni 45 zimeenda kwa lita moja ya hewa, na tangi kubwa linapuliziwa hewa mchana na usiku.

Kitu kingine ambacho sikutarajia: kiputo kidogo ndicho kikali zaidi. Kile cha milimita moja au mbili kikipasuka kinamwaga nguvu zake mahali padogo sana, na seli iliyo hapo haina bahati. Kikubwa kama kokwa ya chungwa kinapasuka kwa upole. Tatizo ni kwamba vidogo ndivyo vinapitisha oksijeni vizuri, maana vikigawanywa vina uso mwingi wa kugusana na maji. Tena, vile vidogo sana vinatoa oksijeni yao yote lakini havibebi kaboni dayoksaidi ya kutosha kuitoa nje, na hiyo ikijaa kwenye tangi seli zinalemewa. Kwa hivyo anayechagua saizi ya matundu ya lile bomba anachagua atapoteza nini. Hiyo peke yake ni kazi ya watu wenye mishahara mizuri.

Sasa, utauliza, kama hali ilikuwa mbaya hivyo, mbona kazi hii haikukwama mapema? Ilikuwa inalindwa na kitu ambacho wengi hawakujua kinalinda. Zamani supu ya seli iliongezwa seramu, maji ya damu ya ndama ambaye hajazaliwa, yanayokusanywa machinjioni. Asilimia 5, wakati mwingine 10. Waliiweka kama chakula. Kumbe protini zake zilikuwa zinawahi kwenye uso wa viputo na kuwakinga seli. Halafu Uingereza ikapatwa na ugonjwa wa ng'ombe wazimu, uliotambuliwa mwaka wa 1986, na mwaka wa 1996 ikatangazwa kuwa umehusishwa na vifo vya binadamu. Nani angetaka damu ya ndama kwenye dawa ya kudungwa mishipani? Tena ilikuwa ghali, na kila chupa ilikuja na tabia yake. Viwanda vikaitoa, na hapo seli zikabaki uchi mbele ya viputo.

Kilichowaokoa ni kitu cha kampuni ya sabuni. Sitanii. Miaka ya 1950 kampuni ya Wyandotte, huko Michigan, ilitengeneza familia ya kemikali za kusafishia na kuchanganyia ikaziita Pluronic. Mmoja wao, F-68, ambaye jina lake la dawa ni poloksama 188, ni uzi mrefu wenye sehemu tatu. Katikati panaogopa maji, ncha mbili zinayapenda. Mwaka wa 1960 watafiti wawili, Swim na Parker, waliripoti kuwa ukiiweka kidogo kwenye chupa inayotikiswa, seli zinastawi. Ilisaidia, watu wakaitumia, na ilichukua karibu miaka 30 kabla ya wengine kueleza vizuri inasaidia vipi.

Inavyofanya kazi ni hivi. Kiputo kikizaliwa chini ya tangi, poloksama inakimbilia uso wake kabla ya seli kufika. Ile katikati inayoogopa maji inageukia hewa, zile ncha zinabaki upande wa maji. Seli ikija inapata gari limejaa, hakuna mahali pa kushika. Kiputo kinapanda peke yake, kinapasuka peke yake. Pia kuna ushahidi kuwa poloksama nyingine inajipachika kwenye utando wa seli yenyewe na kuupa ukakamavu, lakini ile ya kuzuia abiria ndiyo kazi kubwa. Timu ya Ohio ilipoiweka, vile vifo 1,000 kwa kiputo karibu vikaisha.

Usijaribu na Omo. Sabuni ya kawaida inayeyusha utando wa seli kama inavyoyeyusha mafuta kwa sahani, na kwa dakika utakuwa na tangi la uji. Poloksama ni kubwa na mpole. Na inahitajika kidogo tu, kama gramu moja kwa lita, yaani kijiko cha chai kwa mtungi wa lita tano. Kwa tangi la lita 10,000, kilo 10. Mfuko wa unga wa familia, karibu, unalinda seli nyingi kuliko binadamu wote waliowahi kuzaliwa.

Lakini hata sabuni ina wivu. Viwanda viligundua kwamba poloksama 188 kutoka kwa muuzaji yule yule, yenye cheti kile kile, inaweza kufanya kazi vizuri safari hii na safari ijayo seli zikafa. Ukiipima kwa vipimo vya kawaida unaona iko sawa. Kwa hivyo kampuni makini haziamini karatasi. Kila mzigo ukifika, wanachukua kidogo, wanaweka kwa chupa yenye seli, wanaitikisa kwa fujo kwa siku kadhaa wanaangalia nani atabaki hai. Zao la tangi moja linaweza kuwa dawa ya mamilioni ya dola, na linaweza kuharibika kwa sababu ya debe moja la unga mweupe. Nilimweleza shangazi hii, akasema hata yeye akinunua unga mpya hupika kidogo kwanza aone kama una uchungu.

Na usidhani haya yote ni ya Wazungu na Wachina. Ukipita Embakasi, kuna taasisi ya serikali, KEVEVAPI, inayotengeneza chanjo za mifugo, ikiwemo ya ugonjwa wa miguu na midomo. Virusi vya ugonjwa huo havikui kwa sukari na maji. Vinahitaji seli hai, na duniani kote seli inayotumika sana kwa chanjo hiyo ni BHK, iliyotoka kwa figo za watoto wa hamsta. Ilipatikana Glasgow mwaka wa 1961, na mwaka uliofuata watafiti wa Pirbright, Uingereza, wakafaulu kuilea ikielea, bila kushikilia kioo. Bila hilo ungehitaji maelfu ya chupa kuchanja ng'ombe wa kaunti moja. Seli ikielea inahitaji tangi, tangi linahitaji hewa, na hewa inakuja na viputo.

Unakumbuka zile kelele za mwisho wa 2024, serikali iliposema itachanja ng'ombe milioni 22 na mbuzi na kondoo milioni 50? Ati chanjo ni ya kuzuia ng'ombe kujamba. Kwa grupu yetu ile ya harambee mjomba mmoja alituma voice note ya dakika nne. Sikumjibu, kwa sababu sikuwa nimesoma hizi vitu. Siku hizi ningemwambia kitu kimoja tu: ng'ombe tuliyemuuza kwa ajili ya shangazi angeshikwa na ugonjwa wa miguu na midomo wiki ile ya soko, soko lingefungwa kwa karantini na hiyo awamu ya dawa ingetupita. Na kinga ya huyo ng'ombe na dawa ya shangazi zote zimepitia kwa seli za hamsta, ndani ya tangi, chini ya viputo.

Kwa hivyo, shangazi, bei? Nitakuwa mkweli kwako na kwa msomaji. Viputo sio sababu ya Sh120,000. Hataza, majaribio ya miaka, faida na mazungumzo ya wakubwa vina mkono mrefu kuliko pangaboi lolote. Lakini tangi likitoa mara kumi ya lililotoa miaka ya 1980, kampuni ya pili na ya tatu zinaweza kutengeneza dawa hiyo hiyo na bado zikapata kitu, na ukikaa mezani kuzungumza bei una la kusema. Siku tutakapolea seli za dawa za binadamu hapa kwetu, na naomba iwe kabla sijazeeka, mtu wa kwanza nitakayemtafuta kiwandani ni yule anayejaribu mizigo ya poloksama.

Awamu ya 11 nilimsindikiza tena. Dawa huja kama unga mkavu kwenye kichupa, inachanganywa na maji kabla ya kuingizwa kwenye dripu. Kutoka mahali tulipoketi tulimwona nesi akiweka maji polepole, yakiteremka kwa ukuta wa kichupa, halafu akakizungusha kwa vidole bila kukitikisa. Akakiweka mezani. Akatazama saa. Hakufanya kitu.

"Anangoja nini?" shangazi akaniuliza. "Si aniwekee twende, kuna foleni."

Ndani ya kichupa kulikuwa na povu kidogo juu. Maelekezo ya dawa yanasema usiitikise, na iache itulie kama dakika tano. Protini yenyewe, hata baada ya kutoka kwa seli, haipendi uso wa kiputo. Ikinata hapo inaweza kukunjuka na kushikana mafungu. Ndiyo maana ndani ya unga huo, pamoja na dawa, kuna polisobeti 20 kidogo, ambayo ni binamu wa ile sabuni ya kwenye tangi.

"Anangoja povu liishe," nikamwambia.

Akatazama kichupa, akatazama nesi, akarudisha mkoba wake chini ya kiti. "Basi mwache angoje," akasema.